Mnunuzi Asiyeomba Kupunguziwa

Bonde la Sorrel, Kentucky
28 Septemba 1986

Mjukuu wangu Karlene,

Huna haya. Tangu tumzike babu yako Februari hujakanyaga hapa, na barua umeniandikia mbili tu, moja ikiwa ya kuniuliza kama ile ya kwanza ilifika. Dayton siyo mwezini. Basi linatoka huko asubuhi, na jioni uko mezani kwangu unakula maharage. Najua kiwanda, najua zamu, usinieleze. Hata nyuki ana kazi na nyumbani anarudi.

Na usiucheke mwandiko wangu. Darasani sikukaa hata siku moja. Herufi alinifundisha babu yako Orbin kwa mkaa kwenye mlango wa banda, nikiwa tayari nina mtoto mgongoni. Mtoto huyo alikuwa baba yako.

Sasa habari ya bunduki za babu yako ulizoniambia niuze. Kila Jumamosi natandika blanketi barazani na kuzipanga zote tatu: ile kubwa ya mitutu miwili, ile ndogo ya kuwindia kindi, na bastola. Dorsey amenibandikia tangazo dukani kwake, pale bonde linapoanzia. Lakini tangazo langu limekaa katikati ya mengine kumi na saba. Tangu mgodi ufungwe, kila mwanamume hapa ameshusha bunduki ukutani anatafuta wa kumuuzia, na wa kumuuzia ni mwanamume mwingine aliyeshusha yake. Soko limelala chali.

Jana alikuja Hobert, yule mwenye masikio.

"Bibi Delphia, mbona hii mitutu inacheza?"

"Inacheza kama meno yako, na bado unakula nayo."

"Nitakupa dola thelathini na mtoto wa mbwa."

"Mbwa ninaye, na ana akili kukuzidi."

"Thelathini na tano, bila mbwa."

"Hapo sasa umeanza kuongea kama mtoto wa mama yako."

Akaichukua, akaenda nyuma ya banda kupiga makopo kwenye ukingo wa udongo, akarudi na kasoro mpya nne. Akanywa kahawa yangu. Akaondoka, atarudi Jumamosi ijayo tuanze upya. Ndivyo tunavyouziana huku, na babu yako alikuwa akisema: mtu asiyeitukana bunduki yako, haitaki.

Wa maana ni Verlin peke yake, jirani wa kule juu kilimani. Unamkumbuka, aliyekuwa akikupa mikia ya kindi. Mkewe Oleta tulimzika Machi, mwezi mmoja tu baada ya babu yako. Ijumaa ameniletea keke ya babu yako ya kutobolea mbao, aliyoiazima wewe hujaota meno! Ameisugua kutu yote na kuipaka mafuta. Kisha akanitengenezea ngazi ya baraza bila kuombwa. Angekuwa na miaka sabini ningeolewa naye.

Njoo, paa linavuja juu ya kitanda chako.

Bibi yako,
Delphia

---

Dayton, Ohio
3 Oktoba 1986

Shikamoo Bibi,

Nimekosa, nisamehe. Wamepunguza watu kiwandani na sisi tuliobaki tunafanya zamu mbili. Nikifika nyumbani navua viatu na kulala na koti.

Bibi, nakuomba, usivutane nao sana. Uza. Akisema thelathini na tano, mpe. Akisema na mbwa, chukua mbwa. Za paa nitatuma mimi. Ninachotaka ni zile bunduki zitoke nyumbani mwako, zote tatu, kabla ya theluji. Hapa tunasikia wezi wanaingia kwa wajane wakitafuta bunduki, na wewe zako unaziweka chini ya kitanda kama viatu. Silali vizuri nikizifikiria.

Nitajitahidi kuja Sikukuu ya Shukrani. Siahidi.

Msalimie Verlin. Mwambie ile mikia ya kindi Mama aliitupa tulipohamia huku, na mpaka leo sijamsamehe.

Mjukuu wako,
Karlene

---

Bonde la Sorrel
12 Oktoba 1986

Karlene,

Wezi! Mwizi wa kupanda bonde hili atakuta ameibiwa yeye. Lakini nimekusikia, na furahi: nimeuza mbili.

Ile kubwa ameichukua Hobert jana, baada ya Jumamosi tatu za matusi. Tumemalizana kwa thelathini na nane na ndoo ya asali ya mtama, ile ya kuchemsha maji ya mabua, na ameapa hatanisalimia tena. Leo kanisani amenisalimia mara mbili.

Bastola ndiyo hadithi. Hobert hajatoka hata getini, akaja Verlin. Amenyoa. Amevaa shati la kanisani siku ya Jumamosi.

"Bibi Delphia, ile bastola unasemaje?"

"Sabini na tano," nikamwambia, maana nilitaka arobaini.

Akatoa sabini na tano. Karlene, sikuwa hata nimekaa sawasawa kwenye kiti! Nilikuwa nimeandaa maneno yangu yote, kwamba Orbin aliinunua mpya, kwamba haijawahi kumkatalia, yote yakanibaki mdomoni kama mkate mkavu. Nikamwambia, "Nenda nyuma ukaijaribu basi." Akasema haina haja. Nikamwongezea nusu boksi ya risasi, maana ndiyo heshima yetu, muuzaji lazima aongeze kitu. Akalifungua boksi, akatoa moja, akanirudishia zilizobaki.

"Hii inatosha, Bibi Delphia. Zingine muuzie mwenye kuhitaji."

Nikafikiri, huyu mtu ana ustaarabu! Wenzake wanataka mpaka blanketi la kufungia. Yeye mwenyewe mwaka jana aliuza za kwake zote kwa bei ya kutupa mgodi ulipofungwa, labda ndiyo maana ana huruma na muuzaji. Na kumbe siyo mimi tu niliyerudishiwa vitu. Mke wa mchungaji anasema amemrejeshea toroli, limepakwa rangi.

Imebaki ile ya kindi. Hiyo sina haraka nayo.

Umeona? Na wewe ulisema bibi yako hajui biashara.

Delphia

---

Dayton
16 Oktoba 1986, Alhamisi

Bibi,

Barua hii itafika imechelewa. Kabla sijaiandika nimepiga simu kwa Dorsey dukani. Nilimuuliza jambo moja: Verlin amekurudishia kitu siku hizi? Akasema, "Ngazi. Jana." Nikamwambia afunge duka, aje akuchukue, mwende kwa Verlin sasa hivi, na bastola itoke kule. Nakuandikia kwa sababu siwezi kukaa bure.

Mtu haleti sabini na tano mahali pa arobaini bila kuvutana, Bibi. Hachukui risasi moja. Wewe mwenyewe umeniambia, asiyeitukana bunduki haitaki. Verlin haitaki bastola.

Nimejuaje? Nilikuwa na miaka kumi. Wiki ile Baba alinipakia kwenye gari tukazunguka bonde zima tukirudisha vitu vya watu. Nilikaa na msumeno wa Mzee Arvil mapajani, Baba akaniambia niuangalie meno. Tulirudisha sufuria, tukarudisha kamba. Kila mtu akasema, Estil ana adabu sana siku hizi. Nami nilijivuna. Ijumaa akafa.

Ulisema alikuwa akisafisha bunduki. Nilisema hivyo shuleni, nilisema kwa mwanamume niliyetaka kuolewa naye, nasema hivyo mpaka leo. Lakini mimi niliingia jikoni kabla yako. Kitambaa kilikuwa mezani na kilikuwa kikavu. Walipokuja watu, kilikuwa kimelowa mafuta. Sikuuliza.

Hakuna wezi, Bibi. Nilitaka bunduki zile zitoke kwa sababu hiyo. Nilikuwa nakufikiria wewe, umebaki peke yako na babu hayupo. Nikakuharakisha uuze kwa yeyote. Nimekuharakisha mimi.

Niandikie yuko wapi Verlin. Niandikie hata kama ni habari mbaya.

Karlene

---

Bonde la Sorrel
19 Oktoba 1986

Karlene,

Yuko hai. Nimeanza na hilo ili usisome ukiwa umesimama. Sasa kaa.

Dorsey alikuja Alhamisi saa kumi akipiga honi kuanzia kwenye daraja. Sikutafuta viatu, nilivaa mabuti ya babu yako yanayonipwaya. Sufuria ya maharage ilikuwa jikoni inachemka, nikaondoka nayo, sijui kwa nini. Labda mikono yangu haijui kwenda kwa mtu mitupu.

Nyumba yake imefagiwa mpaka inatisha. Yeye yuko mezani. Bastola mbele yake, ameifunika kwa kofia, kama vile kofia inaweza kumficha mtu kama mimi.

"Verlin, nimekuja kuhusu bei."

"Bei tulishamaliza, Bibi Delphia."

"Hatukuanza. Wewe ulilipa. Kulipa siyo kupatana. Umeninyima haki yangu ya kukutukana, na mimi mjane, starehe zangu chache."

"Rudi nyumbani, mama. Nakuomba."

"Nina miaka sabini na nne na nimepanda kilima chako kwa mabuti ya marehemu. Ukitaka nirudi, nibebe."

Nikaweka zile sabini na tano mezani. Nikainua kofia, nikaichukua bastola, nikampa Dorsey aliyekuwa mlangoni amekuwa mweupe kama unga. Nikamwambia Verlin, mpaka tupatane bei, mali ni yangu. Hakunishika mkono. Nilikuwa nimejiandaa anishike.

Halafu nikamuuliza. Bila kuzunguka. "Ulitaka kujiua?"

Akasema, "Nilikuwa nasubiri Jumapili. Imebaki ile."

Akaonyesha rafu. Juu yake ipo sufuria kubwa ya kanisa, ile ya supu, waliyomletea siku ya msiba wa Oleta. Ameisugua inang'aa. Karlene, alitaka airudishe kwanza. Alikuwa anaogopa kufa na sufuria ya watu! Siku tatu zilizobaki alipewa na sufuria. Nikamwaga maharage yangu humo humo, nikaichafua vizuri, mpaka kwenye ukingo. Nikamwambia, haya, sasa huwezi kuirudisha.

Hapo akalia. Alilia kama mtu anayetapika, na mimi nikamshika kichwa. Dorsey naye akalia mlangoni, hana faida yule. Tulikula. Verlin alikula sahani mbili. Usiku ule nililala kwenye kiti chake, na asubuhi dada yake Lottie akaja kutoka mjini na sanduku, yuko pale mpaka sasa. Alhamisi ijayo tunampeleka zahanati, kuna daktari anayekuja kuzungumza na watu wa namna hiyo. Verlin anasema hatakwenda. Nimemwambia atakwenda amekaa au amefungwa kamba, achague.

Usiniandikie tena kwamba umeniharakisha. Wewe ulikuwa mbali na umeona. Mimi nilimtazama usoni, akiwa amevaa shati la kanisani siku ya Jumamosi, nikahesabu ujanja wangu wa biashara.

La kitambaa sitaandika leo. Mkono umechoka.

Delphia

---

Bonde la Sorrel
30 Oktoba 1986

Karlene,

Bibi yako amenipa bahasha yenye stempu na kusema nisipokuandikia ataandika yeye na kuweka jina langu. Kwa hiyo naandika.

Sikukuomba ufanye ulichofanya. Kwa siku kadhaa nilikuchukia, ujue. Mtu akishaamua, anapata utulivu fulani, na mlikuja mkautawanya wote. Sijui kama nakushukuru. Nimeambiwa na yule daktari kwamba siyo lazima nijue leo.

Kila siku saa tatu sharti niwe barazani kwa bibi yako kuvutana bei. Bastola yenyewe haipo, Dorsey ameifungia mahali asipotaka kutaja, lakini bei ipo. Nikisema arobaini anasema themanini. Juzi nilisema hamsini akapanda mpaka tisini na tano. Katika wilaya nzima, ambako bunduki hazinunuliki hata kwa mbwa, ni yeye peke yake ambaye bei yake inapanda. Nimemwambia hatauza hivyo. Anasema, "Nani amekwambia nauza?"

Jana sikwenda. Nililala tu nikitazama ukuta. Saa tatu na nusu nikasikia yale mabuti.

Mikia ya kindi nimesikia. Ipo mingine.

Verlin Stamper

---

Bonde la Sorrel
9 Novemba 1986

Mjukuu wangu,

Nimekaa na kalamu hii tangu tutoke kanisani, na kahawa imepoa mara mbili. Ile ya kindi nimempa Dorsey naye aifungie. Chini ya kitanda changu sasa kuna viatu tu.

Kitambaa kilikuwa kikavu. Ulikiona sawasawa. Mafuta nilimimina mimi.

Nilisikia mlio nikiwa bustanini. Nilipoingia, wewe ulikuwa umeshatoka kwa mlango mwingine, sikujua kama ulipita. Nilimwona mwanangu, na mezani nikaona bunduki, na kitambaa alichokiweka pembeni makusudi ili tuseme anasafisha. Alitufikiria mpaka hapo. Lakini akasahau mafuta. Kwa hiyo mama yake akamalizia. Niliichukua chupa rafuni, Karlene, mwanangu bado wa moto, nikakilowesha kile kitambaa ili sherifu akikute hivyo, na mchungaji amhubirie kama watu wengine, na wewe usinyooshewe kidole njiani. Babu yako aliiona chupa haina kizibo. Akaifunga. Miaka kumi na miwili hatukusema neno. Bunduki ile aliitupa kwenye shimo la mgodi wa zamani, na sisi wawili tukaitupa hadithi yenyewe humo humo.

Nilidhani nakukinga. Kumbe nilikuacha peke yako na kitambaa kikavu, mtoto wa miaka kumi, na mimi nikaacha kuona. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Estil alipita bonde zima akirudisha vitu, na mimi nilijua hivyo, nilijua! Jambo hilo nalo nikalilowesha mafuta. Ndiyo maana Verlin aliponiletea keke nilisema, angalia mtu mwenye adabu.

Leo kanisani nilisimama. Wanawake hawasimami kusema katika kanisa letu, unajua. Nikasema, mwanangu Estil hakuwa akisafisha bunduki. Nikasema, mkirudishiwa kitu cha zamani na mtu mwenye huzuni, msiseme asante, mwulizeni. Nikakaa. Mchungaji akaanzisha wimbo, na Hobert mwenye masikio akatoka nje. Sikujua kwa nini. Baadaye nikamkuta kwenye gari lake, akaniambia habari ya kaka yake. Tumekaa mle saa nzima.

Verlin hajapona. Sikudanganyi tena. Siku nyingine anakuja amenyoa, na najikuta sipendi akinyoa. Siku nyingine haji, napanda mimi. Wiki hii amesema arobaini na tano na akaitukana ile bastola, eti kishikio chake kimetengenezwa kwa mkono wa mchawi. Nilifurahi mpaka nikamwagikiwa na kahawa. Nikampandishia mpaka mia na kumi.

Sikukuu ya Shukrani siyo ya kujitahidi. Unakuja. Ukishuka kwenye basi Dorsey atakuwa pale. Ukifika kwangu usivue koti. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, ipo keke ya babu yako. Ichukue umpelekee Verlin kule juu. Mwambie tunamwazimisha, tumeona ana meza inayohitaji miguu. Akikuuliza airudishe lini, mwambie hatuna haraka nayo, halafu shuka ule.

Bibi yako,
Delphia